Karantini Baharini: Jipange kwa Bandari Usiyoichagua

Februari 2024 meli ya kitalii Norwegian Dawn, iliyotokea Cape Town, ilifika Mauritius ikaambiwa isiingie gatini Port Louis. Ndani mlikuwa na abiria zaidi ya 2,000. Wachache kati yao, watu 15 hivi, walikuwa wametengwa kwa ugonjwa wa tumbo, na serikali ya Mauritius ikahofia kipindupindu. Sampuli zikapelekwa maabara, meli ikabaki nje ikiitazama nchi kavu. Majibu yalipotoka hapakuwa na kipindupindu, wakaruhusiwa kuingia. Lakini aliyekuwa amekata tiketi ya ndege ya siku ileile ya kufika alikuwa ameshaikosa.

Angalia mwaka: 2024. Masharti ya korona yalikuwa yameshafutwa karibu kila mahali. Hata Marekani, ambako yalikuwa mazito, taasisi yake ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilifunga mpango wake wa korona kwa meli za kitalii tarehe 18 Julai 2022. Watu wakadhani habari za karantini zimekwisha. Hazijaisha, kwa sababu hazikuanza na korona. Wazanzibari wanaijua Changuu, wanakopelekwa watalii kuangalia kobe: jela lililojengwa pale miaka ya 1890 halikupata wafungwa, likageuzwa kuwa mahali pa kuwaweka wasafiri waliotiliwa shaka ya homa ya manjano. Na mpaka leo, kwa Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, nahodha anaweza kutakiwa atoe tamko la afya kabla hajaingia bandarini: nani anaumwa, nani amefariki njiani. Afisa afya wa bandari asiporidhika na tamko hilo, mnabaki nje, hata kama tiketi yako ni ya chumba cha bei ya juu kuliko vyote.

Wanaopanga safari ya meli huuliza maswali ya bandari ya kuondokea. Nifike saa ngapi? Wanataka kipimo gani? Cheti gani? Ni maswali ya lazima, ila ni mepesi, maana kampuni yenyewe itakujibu, inataka upande. Swali gumu ni jingine: nikiugua siku ya nne, nitashushwa wapi, nitakaa nchi hiyo kwa karatasi gani, na nani atalipa? Hilo hakuna atakayekuuliza ofisini kwa wakala. Jiulize mwenyewe, tena kabla hujatoa malipo ya awali.

KARATASI ZA KUSHUKIA

Chukua ratiba ya safari uiandike upya kwa mkono wako, kila bandari na mstari wake. Mbele ya kila jina andika: pasipoti yangu inaniruhusu kulala hapa? Siyo kutembea, kulala. Bandari nyingi huwaachia abiria wa meli wateremke asubuhi, wazunguke mjini, wanunue kofia na vikapu, warudi jioni bila kudaiwa viza, kwa kuwa meli inajulikana na itaondoka nao. Lakini ukitolewa kwa machela ukalazwa, meli ikang'oa nanga, wewe si abiria wa kupita tena. Ni mgeni ndani ya nchi ya watu, na hapo ndipo viza huulizwa.

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo, safari za Mediterania zinaonyesha jambo hili vizuri. Tuseme meli inaondoka Barcelona, inapita Marseille na Genova, inakata bahari hadi Tunis, halafu inarudi Ulaya. Meli inapoelekea Tunis umeshatoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kurudi ni kuingia mara ya pili. Itazame stika ya viza yako kwenye sehemu ya idadi ya kuingia. Pakiandikwa 01, safari hiyo si yako. Unachohitaji ni 02 au MULT. Kisha tazama tarehe ya mwisho. Kama viza inakwisha siku ileile ya kurudi Barcelona, basi hujajiachia hata siku moja ya kuugua. Omba siku za ziada tangu ubalozini, ueleze kwamba ni safari ya meli na ratiba inaweza kuchelewa. Sheria ya viza za Schengen inakubali kumwongezea muda bila malipo mtu aliyezuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, ila aombe viza ikiwa bado hai na awe na barua ya daktari mkononi. Kuomba ukiwa umelala hospitalini, huijui lugha ya mji, si kazi ya kumtakia mtu.

Walioko Marekani wana mtego wao. Raia wa Marekani anayepandia Miami au Galveston, akazunguka Karibea na kurudi bandari ileile, anaruhusiwa kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali chenye picha, bila pasipoti. Kwa familia yenye watoto wanne, kuokoa ada za pasipoti nne ni kishawishi kikubwa. Kikatae. Mtoto akiugua na kushushwa Cozumel, Meksiko, hamtarudi kwa meli. Mtarudi kwa ndege, na ndege ya kimataifa haipandwi kwa cheti cha kuzaliwa. Mtajikuta mnahangaikia pasipoti za dharura huku mtoto ana homa. Mwenye kadi ya ukaazi, ile ya kijani, abebe kadi yenyewe pamoja na pasipoti ya nchi yake iliyo hai, siyo ile iliyokwisha muda ambayo imebaki kabatini kwa kuwa tangu afike Marekani hajaihitaji.

Wengi wa Wakongomani walioingia Marekani kama wakimbizi husafiri kwa hati ya kusafiria ya mkimbizi. Hati hiyo ni halali, lakini si kila kisiwa cha Karibea kinaipokea bila viza, na maofisa wa kampuni pale gatini huangalia orodha yao tu, hawasikilizi maelezo. Andikia kampuni ya meli barua pepe ukitaja jina la hati na kila bandari ya njiani, uombe jibu la maandishi. Jibu la simu halina mwenyewe.

Upande wa Ghuba mambo ni mepesi kidogo, ila usilegee. Safari za majira ya baridi zinazoondoka Dubai hupita bandari kama Doha na Muscat. Mwenye ukaazi wa Dubai hana wasiwasi wa kurudi Dubai, lakini ukaazi huo peke yake haumhakikishii kulala Muscat. Na ndugu aliyekuja kukutembelea kwa viza ya kuingia mara moja, ukimpandisha meli hiyo, viza yake inaisha meli inapotoka kwenye maji ya Emirati.

NANI ATALIPA

Mwaka 2021 na 2022 kampuni kubwa za meli zilikuwa zikibembeleza abiria warudi. Baadhi zikaahidi kulipia hoteli ya karantini na nauli ya kurudi nyumbani kwa atakayekutwa na korona safarini. Ahadi hizo zilikuwa na tarehe ya mwisho, na tarehe ikapita bila shamrashamra. Kinachobaki ni mkataba wa tiketi, ule ambao watu huubonyeza "nakubali" bila kuusoma. Kwa kawaida unampa nahodha haki ya kuruka bandari, kubadili njia, kukufungia chumbani au kukushusha, na fidia yake ni ndogo au haipo kabisa. Desemba 2021, korona ya aina ya Omicron ilipopamba moto, meli ya Carnival Freedom ilikataliwa kwenye visiwa vya Bonaire na Aruba. Siku kama hiyo, mtu aliyelipia gari na mwongozaji wa Aruba kwa pesa yake mwenyewe hana wa kumdai melini. Kwa hiyo matembezi ya bandarini yalipie kwa wanaokubali kurudisha pesa meli isipofika, na uliza hilo kabla ya bei.

Kisha bima. Wakala atakwambia "usijali, imo ndani ya kifurushi". Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, soma mwenyewe. Tafuta kwanza sehemu inayotaja yasiyolipwa, uone kama imo milipuko ya magonjwa. Bima nyingi za zamani ziliyatoa majanga moja kwa moja, na nyingine hulipa matibabu ya ugonjwa wenyewe lakini hazilipi kutengwa. Ukitengwa huku hujalazwa hospitali, gharama yako ni chumba cha hoteli, chakula na tiketi mpya ya ndege. Uliza kama hivyo vinalipwa, kwa siku ngapi na hadi kiasi gani. Uliza kuhusu mwenzako pia. Mgonjwa ni mmoja, wanaoshuka ni wawili, na bima nyingi humtambua yule mwenye homa tu.

Kipengele ambacho singekiachia ni kusafirishwa mgonjwa. Ndege ya wagonjwa kutoka kisiwa cha mbali hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na hudaiwa kabla haijaruka. Bima isiyo na kipengele hicho haifai kwa meli, hata iwe nafuu vipi. Wenye viza ya Schengen huwa na bima ya lazima ya angalau euro 30,000, wakadhani wamemaliza; bima nyingi za aina hiyo hufanya kazi ndani ya Schengen tu, hivyo zinakuacha mkono mtupu meli inapofika Tunis au Uturuki.

Marekani huuzwa bima ya kughairi safari kwa sababu yoyote ile. Hurudisha sehemu ya pesa, kwa kawaida kati ya asilimia 50 na 75, na sharti uinunue ndani ya siku chache tangu malipo ya kwanza, mara nyingi 14 hadi 21. Ni ghali. Inamfaa mwenye mzazi mgonjwa nyumbani au anayekata tiketi mwaka mzima kabla; mwingine anaweza kuishi bila hiyo. Lakini bima ya kawaida nayo inunue mapema, kwa sababu mlipuko ukishatangazwa huhesabika kuwa jambo lililojulikana, na bima iliyonunuliwa baada ya hapo hailipi.

Jambo moja huwashtua wazee. Daktari wa melini si huduma ya bure. Bili yake huingia kwenye akaunti ya chumba na kukatwa kwenye kadi yako ya benki. Medicare, bima ya wazee wa Marekani, hailipi matibabu ya melini meli ikiwa mbali na bandari ya Marekani kwa zaidi ya saa 6. Ukimpeleka mama kwa safari ya wiki nzima Karibea, karibu safari yote atakuwa nje ya bima yake. Mnunulie nyingine.

Kwa vijana wetu wanaofanya kazi kwenye meli hizo hesabu ni tofauti. Mwaka 2020 mabaharia makumi ya maelfu walikwama melini miezi kadhaa baada ya abiria kushuka, kwa sababu bandari na viwanja vya ndege vilikuwa vimefungwa. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, unaozibana nchi zenye bendera nyingi za meli za kitalii kama Bahamas, Panama na Malta, unamtaka mwenye meli amtibu baharia aliyeugua kazini, amlipe mshahara wakati wa ugonjwa kwa angalau wiki 16 asipoweza kufanya kazi, na amrudishe kwao kwa gharama ya kampuni. Wakala wa ajira haruhusiwi kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Kijana akiondoka, abaki nyumbani mtu mwenye nakala ya mkataba wake, jina la meli na bendera yake. Bila hivyo, siku ya shida mzazi hana hata pa kuanzia kuulizia.

MASHARTI YA VIPIMO YAKIRUDI

Sharti la kipimo linaweza kurudi wakati wowote mlipuko ukitokea, na likirudi litarudi na mitego ileile ya 2021. Kwanza, soma kama wanahesabu saa au siku. "Saa 48 kabla ya kupanda" na "siku 2 kabla ya kupanda" si kitu kimoja: siku huhesabiwa kwa kalenda, saa huhesabiwa kwa dakika. Na saa huanza lini? Mara nyingi tangu sampuli ilipochukuliwa puani, siyo tangu majibu yalipotoka. Ukipima Ijumaa saa nne asubuhi na maabara ikakupa majibu Jumamosi jioni, zaidi ya nusu ya muda wako imeshaliwa na foleni ya maabara.

Pili ni jina. Pale gatini hakuna daktari wa kukusikiliza. Pana meza, kijana mwenye fulana ya kampuni, kishikwambi, na watu 300 nyuma yako. Anaweka pasipoti upande huu na cheti upande ule, anasoma herufi. Pasipoti ina Asha Juma Bakari, cheti cha maabara kina Asha Bakari. Kwake hao ni watu wawili. Tarehe ya kuzaliwa nayo: 04/07 kwetu ni Julai, Marekani ni Aprili. Kabla hujatoka maabara simama dirishani usome kila herufi, na ukiona kosa irudishe karatasi hapohapo, hata wakikununia.

Tatu, aina ya kipimo na jina la chanjo. Kipimo cha kujipima nyumbani kilikuwa hakikubaliki mpaka mhudumu wa afya akuangalie kwa video ukijipima; wengi walifika gatini na picha ya kipimo kwenye simu wakarudishwa. Chanjo nazo hazikuhesabiwa sawa. Wakenya waliochanjwa Covishield, AstraZeneca iliyotengenezwa India, walikuta Julai 2021 cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya hakiitambui, na kila nchi ya Ulaya ikawa na uamuzi wake. Zanzibar ilitumia Sinovac, Tanzania bara ikaanza na Janssen. Bandari moja iliipokea hii, nyingine ile. Cheti kinachosema "amechanjwa" bila kutaja jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe hakikusaidii. Mwombe mchanjaji aandike vyote.

Halafu majibu yenyewe hukosea. Desemba 2020 Quantum of the Seas iliondoka Singapore kwa safari isiyotia nanga popote, abiria wote wakiwa wamepimwa kabla. Mzee wa miaka 83 akaenda kwa daktari wa meli kwa sababu ya tumbo, akapimwa, akaambiwa ana korona. Meli ikageuza, ikarudi Singapore tarehe 9 Desemba, abiria wakafungiwa vyumbani mwao. Vipimo vya baadaye vikaonyesha mzee hakuwa nayo. Kwa hiyo ukiambiwa umekutwa na virusi wala hujisikii vibaya, omba kwa adabu kipimo cha pili cha aina nyingine, na uombe ombi lako liandikwe. Aliyepona hivi karibuni naye abebe barua ya daktari yenye tarehe ya kuugua, kwani kipimo cha PCR kinaweza kuendelea kuonyesha virusi wiki nyingi baada ya mtu kupona.

Kadi ya manjano haina mjadala. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. India humweka mtu asiye nayo, akitokea nchi yenye homa ya manjano kama Kenya, karantini ya hadi siku 6. Ile ya kununuliwa mtaani bila sindano achana nayo. Ukigundulika unapoteza safari, na usipogundulika umejiachia bila kinga.

CHUMBA NA BEGI

Februari 2020 Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Kati yao 712 waliambukizwa. Ukiyasoma ya meli ile, yanayokera ni mambo madogo. Waliokuwa kwenye vyumba vya ndani, visivyo na dirisha, walikuwa wakitolewa sitahani kwa zamu wapate hewa, wamevaa barakoa, wakitenganishwa, halafu wanarudishwa gizani. Wenye roshani walikuwa na upepo na jua muda wote. Dawa za kila siku zikawaishia wagonjwa wa presha na kisukari, na baadhi ya abiria wakatundika vitambaa nje ya roshani kuomba dawa, wapiga picha wa gatini wakavipiga.

Chukua chumba chenye dirisha ikiwa pesa inaruhusu, hata kama itabidi ufupishe safari. Chumba cha ndani kinatosha kwa mtu anayekuja kulala tu. Kwa mtu wa kufungiwa siku tano ni adhabu. Familia ya watu wanne au watano ichukue vyumba viwili vyenye mlango wa kati, ili mmoja akiugua wengine wasifungiwe naye kitanda kwa kitanda.

Dawa beba za siku za safari na nyingine za wiki mbili juu yake, kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake zenye jina lako. Sanduku kubwa hukabidhiwa gatini na linaweza kufika chumbani jioni. Dawa ya kisukari haingoji. Weka humohumo kipimajoto, vipimo viwili vitatu vya kujipima, pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini, chaja na karatasi zote kwa nakala ya kuchapwa. Simu huzima, na intaneti ya baharini huuzwa kwa bei ya kuudhi. Beba kadi mbili za benki, na uwapigie benki mapema uwaambie utakuwa wapi. Malipo ya hospitali ya kigeni ni aina ya muamala ambao benki huuzuia bila kukuuliza. Mimi ningeongeza chupa ya pilipili. Chakula cha kutengwa huachwa kwenye trei mlangoni, kimefunikwa, kimepoa, hakina ladha.

Na kunawa mikono kuna siri yake. Ugonjwa unaozifungia meli nyingi tangu zamani ni norovirusi, ya kutapika na kuendesha, na kitakasa mikono chenye spiriti hakiimalizi vizuri. Wengi hupita mlango wa mkahawa, wanafinya kitakasa, wanaona wamemaliza. Nenda bombani, sabuni na maji, kila unapotoka chooni na kila kabla ya kula. Meli zinazotia nanga Marekani hukaguliwa na CDC bila taarifa na kupewa alama kwa 100; 85 kushuka chini ni kufeli, na alama zipo wazi kwa kila mtu kuziangalia. Kabla ya kulipa, tafuta jina la meli yako. Meli iliyofeli mara moja ikarekebisha hainitishi. Iliyofeli mara mbili siipandi.

WATAKAPOGONGA MLANGO

Fomu ya afya ya siku ya kupanda jaza ukweli. Aliyeharisha jana akaficha, akazidiwa siku ya pili, ndiye atakayeshushwa bandari asiyoijua. Angesema, huenda angeahirishiwa safari akiwa bado karibu na nyumbani. Fomu hiyo hukaa kwenye kumbukumbu, na bima huiomba.

Ukiugua safarini, mpigie daktari wa meli simu kutoka chumbani, usiende mwenyewe ukipita ukumbi mzima. Watakapokuambia unatengwa, uliza mambo haya na uandike majibu pamoja na jina na cheo cha anayekujibu: natengwa hadi lini, nani anaamua kuondolewa kwangu, nitabaki melini au nitashushwa, kama nitashushwa ni bandari gani, nani amewasiliana na uhamiaji wa huko, na wakala wa kampuni bandarini hapo anaitwa nani. Huyo wakala wa bandarini ni mtu muhimu kuliko nahodha kwa siku zako zijazo. Meli ikiondoka, yeye ndiye atakayebaki. Pata namba yake ya simu kabla ngazi haijainuliwa.

Piga simu kwa bima siku hiyohiyo, kabla ya kulipa chochote kikubwa. Bima nyingi huwa na kituo cha dharura cha saa 24 na husisitiza wao ndio wachague hospitali. Ukijipeleka mwenyewe wanaweza kukulipa pungufu. Kisha wajulishe ubalozi au ubalozi mdogo wa nchi yako. Kama nchi yako haina ubalozi hapo, na visiwani mara nyingi haina, uliza ni ubalozi upi wa karibu unaoihudumia, ukiwa bado nyumbani.

Usishuke bila karatasi tatu: taarifa ya daktari wa meli yenye tarehe ya dalili na matokeo ya kipimo, bili iliyolipwa kwa mchanganuo, na barua ya kampuni inayosema umeshushwa kwa sababu za kiafya. Bila hiyo ya tatu, kwenye kumbukumbu utaonekana umeacha safari kwa hiari yako. Kila risiti ya chakula, teksi na chumba ipige picha siku hiyohiyo. Zile zinazochapwa kwa mashine ndogo hufutika maandishi ndani ya wiki chache za joto.

Ukirudi, peleka madai mapema, kwani kuna ukomo wa siku na hauanzi siku ulipopona. Peleka nakala. Barua halisi ya daktari baki nayo, kwa sababu mwakani ukiomba viza nyingine, karani wa dirishani anaweza kuuliza kwa nini ulizidisha siku nne Ulaya.